Kobe wa Gereji ya Baba

Binti wa mpiga picha aliyaleta masanduku mwenyewe, yamefungwa kwa kamba ya manila, akayatua kwenye sakafu ya idara ya picha kama mtu anayetua mzigo wa matusi.

"Marehemu baba alikuwa ameyaficha kwenye tangi bovu la maji, juu ya paa," alisema. "Vita vyote vimo humu. Mimi sitaki hata kuviona. Chukueni."

Akasaini alipoonyeshwa pa kusaini, akaondoka bila kukubali hata maji ya kunywa.

Kazi ya kuyafungua ikamwangukia mwanamke ambaye nyumba nzima ya nyaraka ilimwita Bi Picha. Alikuwa amezeekea kwenye chumba kile kisicho na dirisha: meza yenye taa chini ya kioo, glavu nyeupe za pamba, brashi laini kama unyoya, na skana iliyokoroma kama mzee mwenye mafua. Alisafisha filamu za zamani, akazipitisha kwenye skana, kisha akaandika chini ya kila picha kinachoonekana. Alizuiwa kuandika anachodhani. Kinachoonekana tu.

Safari hii Mkurugenzi alikuwa na haraka. Alitaka maonyesho ya magari ya vita.

"Watu wamechoshwa na picha za wakimbizi," alimwambia akiwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. "Nitafutie magari. Vijana wanapenda magari."

Na magari yalikuwamo ya kutosha. Malori ya jeshi yaliyokwama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Basi la shule lililotobolewa matundu ya bunduki ubavuni. Trekta lililovikwa vyuma likawa kama kabati lenye magurudumu. Vita vile vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe, na waasi, kwa kuwa hawakuwa na vifaru, walijitengenezea vya kwao kwenye gereji za mitaani. Bi Picha alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati ule. Alikumbuka zaidi njaa na kulala chini ya meza. Kwa hiyo alizitazama picha zile kwa jicho la kazi, akaandika "lori, bamba la chuma mbele, watu watatu", akaendelea.

Mpaka alipoulaza kwenye kioo ukanda mmoja wa filamu, akamwona baba yake.

Alimjua baba kabla hajalijua gari. Alikuwa amesimama kwenye gereji yake, ile ile yenye nguzo iliyopakwa rangi mbili na shimo la kukagulia magari katikati, miwani ya kuchomelea ameipandisha juu ya paji la uso, mkono mmoja ameuegemeza kwenye chuma. Anacheka. Meno yote nje. Nyuma yake kuna lori limevikwa mabamba kutoka juu hadi karibu na ardhi, limebaki na kijitundu cha dereva tu, mgongo wake umeinuka katikati.

Lilikuwa Kobe.

Hakuna mtu wa rika lake asiyelijua Kobe. Asubuhi moja lori lile liliteremka mtaa wa chini ya soko, likabomoa ukuta baada ya ukuta, na waliokuwa ndani wakafyatua risasi kupitia matundu. Risasi za watu wa mtaani ziligonga chuma zikaanguka. Waliokufa walizikwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kumzika kila mmoja peke yake. Vita vilipoisha na waasi kushindwa, ikaundwa mahakama maalumu, na swali la kwanza watu waliloliuliza lilikuwa: nani alilitengeneza Kobe?

Jibu lilitoka nyumbani kwao Bi Picha. Baba yake, mwenye gereji, aliapa kuwa hakuligusa gari lile. Alisema alikuwa amejificha na familia yake, na shemeji yake, aliyekuwa fundi wake wa kuchomelea, alichukua funguo akawafanyia kazi waasi kwa siri. Shemeji huyo alikuwa kaka wa mama. Mitaani walimwita Cheche. Yeye alijitetea kuwa wiki zote hizo alikuwa hospitalini na mguu uliovunjika, ameanguka kutoka juu ya paa akitengeneza mfereji wa maji. Lakini hospitali ilikuwa imeungua na kumbukumbu zake zote, wauguzi wametawanyika. Ndipo mama akaitwa. Mama akasema, "Ni kweli. Ni kaka yangu."

Cheche alifungwa kifungo kirefu. Nyumbani jina lake halikutajwa tena. Pikipiki ya kuchezea aliyomtengenezea mpwa wake kwa vipande vya bomba, baba aliikatakata, akaiuza pamoja na vyuma chakavu.

Bi Picha aliuvuta ukanda chini ya kioo cha kukuzia. Katika picha ile ile, pembeni, alikuwapo mama. Kijana, mwembamba, gauni la madoa, naye anacheka kitu alichokisema baba, na mkononi ameshika chupa ya chai yenye maua makubwa ubavuni. Mjomba hakuwapo.

Alikuwa kwenye picha iliyofuata. Ukanda mmoja, filamu haijakatwa, tarehe moja kwenye karatasi iliyoufunga: mpiga picha ametoka gereji akaenda hospitalini siku hiyo hiyo. Wodi imejaa, wengine wamelazwa sakafuni. Kitandani, chini ya dirisha, yuko Cheche na mguu uliofungwa plasta toka kiunoni hadi vidoleni, umening'inizwa kwa kamba. Anamtazama mpiga picha kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Na kwenye kijikabati kando ya kitanda kuna chupa ya chai yenye maua makubwa ubavuni.

Bi Picha alizima taa ya meza. Akakaa. Baadaye mwenzake aligonga kumwita chakula cha mchana, akajibu kwamba hajisikii vizuri, na safari hiyo hakuwa anasingizia.

*

Jumapili alikwenda nyumbani na nakala mbili ndani ya bahasha. Wazazi wake bado waliishi nyuma ya gereji, ambayo sasa ilikuwa na sakafu ya vigae na mashine ya kunyanyulia magari. Baba alikuwa barazani na gazeti. Aliivaa miwani, akaishika picha ya kwanza kwa mkono ulionyooka, akaitazama kwa muda.

"Umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Nani mwingine ameiona?"

Njia nzima Bi Picha alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kilio, hata kwa shinikizo la damu. Hakujiandaa kwa swali hilo.

"Baba, uliapa hukuligusa gari hili."

"Walikuja na bunduki. Ungefanya nini wewe?"

"Ningesema hivyo hivyo mahakamani. Kwamba nililazimishwa."

"Na wangekuamini?"

"Na sura hii ya kucheka? Sijui."

Baba alikunja gazeti taratibu, akaliweka kwenye kiti cha pembeni. Hakupandisha sauti. Hajawahi kuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Mtaa mzima ulikuwa unataka mtu. Wangechoma gereji, wangechoma na nyumba. Nisingekuwa mimi, lazima angekuwa mwingine. Mimi nilikuwa na watoto, nina mafundi, nina watu wanaokula kwa mkono wangu. Yeye alikuwa na nani? Mtu mmoja, mguu mbovu, hana mke, hana mtoto. Nilipiga hesabu."

"Ulipiga hesabu."

"Ndiyo. Na jibu lake ni wewe. Umesoma kwa hesabu hiyo. Hizo glavu zako nyeupe, unafikiri zimetoka wapi?"

Mama alikuwa ametoka jikoni, anajifuta mikono. Aliichukua picha kutoka kwenye mapaja ya mumewe, na alipojiona akaitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyehama zamani. Akakaa kwenye ngazi.

"Mama, chupa hii," Bi Picha akasema, akampa picha ya pili. "Ni hii hapa?"

"Ulikuwa uji," mama akasema. "Nilimpelekea uji."

"Siku hiyo hiyo?"

"Kila siku. Nikitoka hapa naenda hospitali. Chakula cha pale kilikuwa hakiliki."

"Kwa hiyo ulijua alipokuwa."

"Mimi ndiye niliyekuwa namwosha."

Baba akasema, "Inatosha," lakini mama hakumsikia, au alijifanya.

"Niliambiwa watamfunga mwaka mmoja, wamwachie," alisema. "Baba yako aliambiwa na karani wa mahakama. Mwaka mmoja tu, watu wapoe. Nikaona mwaka mmoja anaweza. Kaka yangu alikuwa na nguvu. Walipotaja kifungo chenyewe nilidhani nimesikia vibaya."

"Ungerudi useme kweli."

"Ningerudi, wamchukue baba yako. Nanyi mngebaki na nani? Usinitazame hivyo. Hujui kuchagua ni nini. Hujawahi kupewa kitu cha kuchagua."

Akairudisha picha ya gereji, kidole gumba kimekaa juu ya gauni la madoa.

"Ukiiweka huko kwenu, nikate mimi. Mashine zenu si zinakata?"

*

Mjomba Cheche alikuwa ametoka gerezani zamani, lakini hakurudi mjini kwao. Aliishi mji mwingine, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Bi Picha alimpata kwa kuulizauliza. Njiani alikuwa akiyapanga maneno: Mjomba, nimepata ushahidi. Mjomba, jina lako litasafishwa. Alijiona kama mtu anayepeleka dawa.

Alimkuta mzee mkavu amekaa kwenye kigoda, mbele yake kipande cha reli, akinyoosha misumari iliyopinda. Aliutoa mmoja kwenye kopo, akaupapasa kwa vidole, akaulaza, akaugonga kwa nyundo ndogo, akaupapasa tena, akautupa kwenye kopo lingine. Hakuwa akiutazama. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochujwa. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeyachosha, na gerezani yakamalizikia bila dawa.

"Nani?"

Akajitaja kuwa ni mpwa wake. Nyundo ikasimama.

"Yule wa pikipiki ya mabomba?"

"Ndiye."

"Ulikuwa huwezi kukata kona. Ulikuwa unagonga kila ukuta." Akamsogezea ndoo iliyofunikwa ubao. "Kaa. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mjomba. Nimekuletea picha."

Alisema hivyo kabla hajafikiri, akaona aibu. Lakini mzee alicheka.

"Umemletea kipofu picha. Kweli wewe ni mtoto wa dada yangu. Haya, nisomee."

Basi Bi Picha akafanya kwa mdomo kazi aliyoifanya kila siku kwa kalamu. Alisema kinachoonekana. Alianza na wodi: dirisha, kitanda, kamba, mguu. Mjomba alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Nimevaa shati?"

"Hujavaa."

"Enhe. Lilikuwa limefuliwa. Basi ni mimi."

Halafu ile ya gereji. Alimweleza shimo, nguzo, lori, mabamba, baba na miwani yake juu ya paji. Kwenye mabamba mjomba alimkatisha.

"Bamba la mbele limeungwa kwa ndani au kwa nje?"

Akainama kuangalia. "Kwa nje. Mshono unaonekana, mnene, umepinda."

"Umepinda!" Mzee alijipiga paja. "Unaona? Nilimwambia miaka yote, shemeji, wewe kazi yako ni kupokea wateja, moto niachie mimi. Walinifunga kwa kazi mbaya namna hiyo. Ningeliunda mimi, mshono usingeonekana hata kwa darubini."

Bi Picha akacheka naye, akajisikia mwepesi, akadhani jambo gumu limepita. Ndipo mjomba akauliza, kwa sauti ile ile ya utani:

"Dada yangu hayumo?"

Angeweza kusema hayumo. Mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa na macho ya kumsuta. Lakini alikawia, na kukawia kwenyewe kukawa jibu.

"Yumo," akasema.

"Anafanya nini?"

"Amesimama pembeni. Ameshika chupa ya chai."

"Ya maua."

"Ya maua, mjomba. Na kwenye picha ya wodi, iko kando ya kitanda chako."

"Analia?"

"Hapana."

Mjomba aliokota msumari, akaupapasa, akausahau mkononi. Dukani mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya saruji, na sauti yake ilifika pale yote, neno kwa neno.

"Unajua," mjomba akasema mwishowe, "mumewe sikumlaumu sana. Yule alikuwa mtu wa kujiokoa, nilimjua. Lakini dada yangu niliamini alidanganywa. Nilijiambia mumewe amemwambia kuwa nililiunda gari lile kabla sijaanguka, naye masikini akaamini. Nilijiambia hakuwahi kuliona Kobe kwa macho yake. Kule ndani kila mtu alikuwa na kitu chake cha kumlaza usingizi. Mimi nilikuwa na hicho." Akageuza uso upande wa mpwa wake. "Umetoka kote huko kuja kuninyang'anya hicho."

"Mjomba, mimi nilitaka—"

"Najua ulichotaka."

Bi Picha alilia kimya kimya, akidhani hasikiki. Mzee alimwacha alie. Kisha akasema:

"Iweke huko kwenu watu waione. Na usimkate. Kama mimi nimeona, na wengine waone."

*

Mkurugenzi alipoziona picha zile mbili alipiga meza kwa furaha. Kobe lenyewe! Likiwa bado linatengenezwa! Aliagiza picha ya gereji ikuzwe ijaze ukuta wa mwisho wa ukumbi. Bi Picha akaandika maelezo yake: gereji ya nani, nani anaonekana, nani alifungwa badala yake, na kwamba picha ya pili ni ya siku ile ile. Maelezo yalirudi kutoka kwa Mkurugenzi yakiwa yamepungua.

"Hatutaji majina ya walio hai," alisema. "Kesho tutashtakiwa. Andika 'mafundi wa mtaani wakiunda gari la vita'. Inatosha."

"Na ya wodi?"

"Iweke. Sijakataa. Lakini ile si gari, tusidanganyane."

Picha ya wodi iliwekwa kwenye fremu ndogo karibu na mlango wa kwenda chooni.

Kitu ambacho Bi Picha hakukifikiria ni kwamba dunia ilikuwa imegeuka. Waasi wa wakati ule walikuwa wamesamehewa, wakaanzisha chama, wakashinda uchaguzi, na leo ndio waliokaa viti vya mbele. Mgeni rasmi siku ya ufunguzi alikuwa mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alipofika mbele ya ukuta wa mwisho alisimama, akavua kofia.

"Hili," alisema, "liliundwa bila mhandisi hata mmoja kutoka nje. Kwa mikono yetu! Watoto wetu wafundishwe kwamba sisi ni watu wa kubuni." Kuhusu mtaa wa chini ya soko hakusema kitu. Watu wakapiga makofi. "Kuna anayewajua mafundi hawa?"

"Mimi hapa, mheshimiwa."

Bi Picha aligeuka. Baba alikuwa amesimama nyuma ya umati, suti ya rangi ya majivu, viatu vinang'aa. Alikuwa ameingia bila yeye kumwona. Watu walimpisha njia akapita, mzee mwenye heshima zake, akaenda kusimama chini ya uso wake mwenyewe wa ujanani, akacheka, na hapo hakuna aliyehitaji uthibitisho mwingine. Meno yalikuwa yale yale.

"Nililiunda kwa mikono hii," alisema kwenye kinasa sauti cha mwandishi wa redio. "Usiku na mchana. Vyuma tuling'oa kwenye mabehewa ya reli."

"Hamkuogopa?"

"Kazi ni kazi."

Mgeni rasmi alimshika bega. Wapiga picha wakasogea. Bi Picha akajikuta akiongea kabla hajaamua kuongea.

"Muulizeni aliyefungwa kwa ajili ya gari hili yuko wapi!"

Mwandishi alimwelekezea kinasa sauti. Kwa kitambo kidogo uso wa baba ulikuwa mtupu kabisa, kama ukuta uliobanduliwa kalenda. Halafu akamnyooshea mkono, mkono wa baba mzazi, kiganja juu.

"Huyu ni binti yangu, mheshimiwa. Ndiye aliyeipata picha hii. Amefanya kazi humu miaka yote, leo ameniletea heshima uzeeni. Msimshangae, ana uchungu. Vita vilituumiza sote. Tuna ndugu zetu waliopotea."

Watu wakampigia Bi Picha makofi. Mama mmoja asiyemjua alimkumbatia. Alijaribu kueleza, alionyesha kwa kidole ile fremu ndogo karibu na mlango, akasema, "Tazameni, ni siku ile ile, ni ukanda mmoja," lakini soda na biskuti zilikuwa zimeletwa, na wengi walikuwa wameshageukia huko. Mwandishi wa redio peke yake ndiye aliyefika mpaka kwenye fremu. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Inasikitisha," alisema. "Ila, dada yangu, huyu ni mgonjwa tu kitandani. Msikilizaji wangu atashika nini hapo?"

Gazeti la asubuhi lilikuwa na picha ya baba ukurasa wa kwanza: Fundi Aliyelibuni Kobe. Muda si mrefu mabaki ya gari lenyewe yakapatikana kwenye jalala la vyuma, yakapakwa rangi ya kijani, yakawekwa juu ya zege kwenye mzunguko wa barabara, na baba akaitwa kukata utepe.

Bi Picha alikwenda kwa mwanasheria wa msaada wa bure, kijana mwenye adabu, aliyesoma kila kitu mara mbili. Mahakama ile ilikuwa imevunjwa, akamweleza, hakuna ofisi iliyorithi kesi zake. Msamaha wa jumla uliwahusu waliokuwa wakitafutwa au walioko ndani. Mjomba wake alikuwa amekwishamaliza kifungo.

"Kwa hiyo waliokimbia wamesamehewa, na aliyetumikia hawezi?"

"Kisheria," kijana akasema huku anaona haya, "hana cha kusamehewa. Deni lake limelipwa."

Alipompelekea mjomba habari hizo, alikuta redio imemtangulia.

"Nimemsikia shemeji," mzee alisema. "Sauti haijazeeka. Amesema vyuma vilitoka kwenye mabehewa. Ni kweli, vilitoka huko, hata wodini tulisikia. Yote aliyoyasema ni kweli, mpwa wangu. Sikumsikia akisema uongo hata mahali pamoja." Akatema mate pembeni. "Angeyasema wakati ule."

*

Mama alikuja ofisini siku ya kazi, bila kuaga nyumbani. Alisimama mlangoni mwa chumba kisicho na dirisha akiwa na mkoba mdogo wa safari, akatazama meza ya kioo, glavu, skana, vitu ambavyo hakuwahi kuja kuviona.

"Nipeleke kwa kaka," alisema.

Njiani mama aliuliza tu kama kaka yake anakula vizuri na kama chumba chake kinavuja. Walipofika nyuma ya duka, mzee alikuwa pale pale kwenye kigoda, anagonga. Mama alisimama hatua chache mbali naye. Alimtazama macho. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu macho; Bi Picha alikuwa amesahau, au labda alitaka ayaone mwenyewe.

"Kaka," mama akasema.

Nyundo haikusimama.

"Kaka, ni mimi."

"Nimekusikia toka unashuka pale barabarani," mjomba akasema. "Unaburuta mguu wa kushoto. Ulianza lini?"

"Goti. Ni uzee."

"Pole."

Mama akapiga magoti kwenye mchanga wenye vipande vya kutu, kwa shida, akajishika kwenye ile reli. "Sina cha kusema," akasema. "Nilikuja na maneno, yamepotea yote."

"Basi nyamaza."

Mjomba aliendelea na kazi. Mama akaanza kulia, kilio cha kutoka chini kabisa, na mjomba akamvumilia kwa kitambo, kisha akaweka nyundo chini.

"Ukitaka kulia, kalie kwa mumeo," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu. "Mimi hapa nina kazi, na mwenye duka hapendi kelele. Ulinipa uji kila siku, nakumbuka. Ulinigeuza nisipate vidonda. Kisha ukaenda ukasimama pale mbele, ukaninyooshea kidole. Nimejaribu kuwaunganisha hao wawili, wawe mtu mmoja, nimeshindwa. Nikimkumbuka yule, huyu ananitia kichefuchefu. Nikimkumbuka huyu, yule namlilia. Sasa umekuja, sijui nimjibu yupi. Rudi nyumbani. Mpwa, mwinue mama yako."

Bi Picha akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Wakatoka kwa kupitia dukani, katikati ya mifuko ya saruji na ndoo za rangi, na mwenye duka akawatakia safari njema kama wateja.

Kituoni walikaa kwenye benchi la chuma kusubiri gari. Mama alifungua mkoba, akafunga, akafungua tena, hakutoa kitu.

"Atanisamehe?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Na wewe?"

Bi Picha alitazama barabara. Kuna gari lilikuwa linakuja kwa mbali, bado halijaonekana ni la wapi.

"Usiniulize leo," alisema, akasimama kwenda kulisimamisha.